Kimondo kilichobanduliwa karatasi: uchambuzi wa kisa kutoka Tanga

Kisa hiki kilitupata sisi wenyewe, wapenzi wa vimondo wa Tanga mjini. Mimi nilikuwemo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndiye ninayeshika daftari la kikundi. Nakiandika kwa idhini ya wenzangu, kwa faida ya yeyote anayekusanya mawe haya au anayefikiria kuanza. Majina nimeyaacha, mtaa na kitongoji nimevificha, na fedha nimezikadiria juu juu ili mtu asitambulike. Mengine ni kama yalivyokuwa.

## Usuli

Tuko kumi na mmoja, na hatukuanza na vimondo. Wengi wetu tumetokea kwenye mawe ya Umba, yakuti na ganeti za lile bonde la mto Umba kaskazini mwa mkoa. Tulijifunza kutazama jiwe tungali vijana, tukizunguka na vito vimefungwa kwenye karatasi mfukoni. Mzee wetu, ambaye nitamwita Mkata Vito, amekaa kwenye gurudumu la kukatia zaidi ya miaka thelathini. Yupo Mwalimu, anayefundisha kemia. Yupo Mama Duka, muuza vifaa vya ujenzi, mweka hazina wetu. Yupo Kijana, fundi simu, ndiye anayewasiliana na wakusanyaji wa nje. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa Mkata Vito, kwa kahawa na kashata.

Sanduku letu ni dogo. Lina vipande vya Sikhote-Alin, ile mvua ya chuma iliyoanguka Urusi tarehe 12 Februari 1947. Lina vipande vya Campo del Cielo ya Argentina, na vijiwe vichache vilivyopitia masoko ya Morocco vyenye herufi NWA na namba. Herufi hizo maana yake ni Afrika Kaskazini-Magharibi, yaani jiwe limejulikana aina lakini mahali hasa lilipookotwa hapajulikani. Kila kipande kina kadi yake: jina, uzito, kilipookotwa, nani alimuuzia nani. Kila kimoja kinakaa kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Zamani tulitumia mchele, kama unavyowekwa kwenye kopo la chumvi jikoni, na mchele ulitupotezea kipande kizuri cha Campo. Kilitoa machozi ya kahawia kwa miezi miwili, kisha kikabanduka magamba. Hewa ya Tanga ina chumvi, na chumvi ikishaingia kwenye chuma cha kimondo haitoki kwa kupanguswa.

Na nchi yetu ina vimondo vya kujivunia. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli la tani zinazokadiriwa kufika 16, kiliripotiwa na mpima ardhi W. H. Nott mwaka 1930, na mpaka leo kipo palepale Songwe. Ivuna je? Kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, hakifiki hata kilo moja, lakini kundi zima la vimondo adimu vya kaboni duniani linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Chombo cha Japani kilipoleta udongo wa sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, wataalamu waliufananisha na kundi hilo hilo. Kijiji cha Tanzania kinatajwa kwenye maabara za dunia kwa sababu mtu fulani aliandika jiwe lilipotua na lini.

Nayataja haya kwa sababu hamu ya kuwa na jina la Tanga ilikuwepo barazani kabla jiwe halijaja.

## Jiwe linaletwa

Ilikuwa Jumamosi ya masika, mvua imekatika muda si mrefu. Alikuja dalali tunayemfahamu tangu enzi za Umba, si mtu mbaya, na hili nalisema kwa dhati. Alitoa salamu zake zote, akanywa kahawa, ndipo akafungua kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na jiwe la kahawia ukubwa wa embe dodo, zito kuliko macho yanavyotarajia.

Mazungumzo yaliyofuata ninayo daftarini, na nayanakili kama yalivyo kwa sababu nitayarudia mbele. Mkinga inayotajwa humo ni wilaya ya pwani, kaskazini mwa Tanga mjini.

"Hili nimeletewa, wazee wangu. Limetoka Mkinga."

"Lilianguka au liliokotwa?"

"Lilianguka."

"Usiku?"

"Usiku, naam."

"Watu walisikia kishindo?"

"Kishindo kikubwa. Mbwa walibweka kijiji kizima."

"Lilikuwa la moto?"

"Lilichoma majani, mzee."

"Kama miaka mingapi sasa?"

"Miwili hivi."

Alitaka milioni tatu. Tukamwomba atuachie jiwe wiki moja tulipime, akakubali bila kinyongo.

## Vipimo

Vipimo tulivifanya vizuri. Katika kikundi chetu hakuna aliyewahi kufanya vizuri zaidi.

Kijana alianza na sumaku ya spika. Ilidaka jiwe kwa nguvu, ikavutika pande zote. Kisha Mama Duka akaleta kigae cha bafuni, tukalisugua jiwe kwenye mgongo wake usiong'aa. Jiwe lenye madini ya chuma ya kawaida hujitaja hapo: hematiti huacha mstari mwekundu kama matofali, magnetiti huacha mweusi wa kijivu. Letu liliacha mkwaruzo hafifu tu. Hatukuona vitundu vya mapovu, na hilo lilitutoa hofu ya mavi ya chuma, maana Tanga ni mji wa reli na karakana za zamani, na taka za kuyeyusha chuma zimeshawadanganya wengi.

Uzito ulikuwa gramu 1,386 kwenye mizani ya dukani. Mwalimu akaweka ndoo ya maji juu ya mizani hiyo, akalishusha jiwe kwa uzi mpaka likazama bila kugusa chini, na mizani ikapanda kwa gramu 402. Ukigawanya unapata kama 3.45, yaani jiwe lilikuwa zito mara tatu na nusu kuliko maji ya ujazo wake. Mawe mengi ya kawaida huku kwetu hayafiki tatu. Vimondo vya mawe vilivyo vya kawaida, vinavyoitwa kondraiti, hukaa hapo hapo.

Kisha dirisha. Mkata Vito alichagua upande, akalisogeza jiwe kwenye gurudumu polepole, maji yakidondoka, na tope la kahawia likamchafua vidole. Alisaga eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Alipolipangusa na kulipeleka kwenye lenzi yake ya usonara alikaa kimya muda mrefu, kisha akanipa mimi. Niliona viduara vidogo vimejazana, kama mtama uliomwagwa kwenye saruji mbichi, na katikati yake chembe chache za chuma zikimetameta, kila moja imezungukwa na utepe wa kutu. Hizo duara ndizo kondruli. Ziliganda kutoka kwenye matone ya mawe yaliyoyeyuka angani kabla dunia hii haijakamilika kuumbwa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Hakuna jiwe la hapa duniani lenye sura hiyo. Nililirudisha lenzi mikono ikitetemeka.

Siku tatu baadaye Mwalimu alikuja na kemikali ya kupimia nikeli. Pamba iliyolowekwa, ikapitishwa kwenye dirisha, ikageuka pinki, dalili ya nikeli ambayo chuma cha vimondo huwa nayo. Mavi ya chuma hayafanyi hivyo.

Kimondo kilikuwa cha kweli.

Daftari la siku hiyo lina mistari miwili mingine ambayo niliiandika mimi na hakuna aliyeijadili. Wa kwanza: "Upande wa chini una ukoko mweupe kwenye nyufa, umetoa povu kwa ndimu." Ilikuwa chokaa. Wa pili: "Pana mraba wa gundi, kama sentimita mbili kwa tatu." Tulidhani ni bei ya dalali.

## Uamuzi wa kwanza: kununua

Tulipiga kura tisa kwa wawili. Mama Duka na mwenzake mmoja walitaka tuende Mkinga kwanza. Sisi tisa tulihofu kwamba tukichelewa, jiwe litapanda basi la Arusha au Dar es Salaam na tutalisikia tu kwa watu. Dalali alishuka mpaka milioni moja na laki mbili, tukachanga, akalipwa taslimu siku hiyo hiyo.

Kijana akampelekea picha mkusanyaji mmoja wa Ulaya ambaye tulishabadilishana naye vipande bila matatizo. Jibu lilikuja kesho yake: angechukua kipande cha gramu 300, na kwa bei aliyotaja tungerudisha fedha yetu yote mara tatu na tungebaki na kilo nzima. Masharti yalikuwa mawili: majira halisi ya nukta jiwe lilipotua, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali pale, na tarehe, hata ya kukadiria.

Msomaji asiyeijua biashara hii lazima aelewe kwa nini alitaka hayo. Kondraiti ya kawaida iliyookotwa jangwani bila historia ni jiwe la bei nafuu, yapo mengi sokoni. Jiwe lile lile, likiwa limeonekana likianguka mahali panapojulikana, ni jambo jingine kabisa. Jina rasmi la kimondo hutokana na mahali kilipopatikana, na kamati ya majina ya Meteoritical Society hailitoi bila maelezo ya mahali hapo, uchambuzi wa maabara, na sampuli ya kuhifadhiwa kwenye taasisi, ambayo ni gramu 20 au asilimia 20 ya uzito, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo mkusanyaji yule, pamoja na kununua jiwe, alikuwa ananunua sentensi moja: "lilianguka Tanga".

## Safari ya Mkinga

Tulikwenda wanne, basi dogo kisha bodaboda, kwa sababu ya hayo majira tu. Hakuna aliyekwenda akiwa na shaka, isipokuwa Mama Duka.

Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea vizuri na kutupeleka kwenye shamba tulilotajiwa. Mwenye shamba ni bibi wa miaka sabini na ushei. Tulimwamkia, tukakaa, tukapewa madafu. Mkata Vito akaanza kumweleza habari za kishindo na mbwa. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nalala hapa kila siku ya Mungu. Kishindo cha hapa ni nazi ikidondoka."

Tulimwuliza shimo. Akatuonyesha: lilikuwa shimo la kisiki cha mnazi kilichong'olewa, mizizi bado imechomoza pembeni. Mwenyekiti aliuliza majirani wanne mbele yetu. Hakuna aliyeona mwanga, hakuna aliyesikia kitu. Jiwe linaloanguka usiku kwa mwanga na kishindo haliwi siri ya mtu mmoja. Mwaka 2011 vipande vilipoanguka Thika, Kenya, watu wengi walisikia na habari ikaenea.

Kurudi mjini hakuna aliyezungumza kwenye basi.

## Jiwe linasomwa upya

Jumamosi iliyofuata Mkata Vito aliliweka jiwe mezani na kutuambia tulitazame kana kwamba hatujui lolote. Hapo ndipo kazi nzuri ilipofanyika, na ndiyo sehemu ninayopenda kila mkusanyaji aisome taratibu.

Kwanza, umri wa kutu. Kimondo kilichoanguka miaka miwili iliyopita kinatakiwa kuwa na gamba jeusi la kuungua, jembamba chini ya milimita moja, na ndani kiwe kijivu. Letu lilikuwa kahawia mpaka moyoni. Chembe za chuma tulizozishangilia kwenye dirisha zilikuwa masalia, nyingi zilishageuka kutu. Hali ile huchukua maelfu ya miaka kwenye nchi kame.

Hapo mmoja wetu akatetea: basi liliokotwa, halikuanguka juzi, lakini bado laweza kuwa la Mkinga. Hoja nzuri. Mwalimu akajibu kwamba kama lingelala maelfu ya miaka kwenye udongo wa Mkinga, na mvua zake za masika na vuli, lisingebaki. Kimondo cha Mbozi kimedumu kwa kuwa ni bonge moja la chuma. Kondraiti ni jiwe lenye chembe za chuma ndani yake, na kila chembe ikioza huvimba na kulipasua jiwe kutoka ndani. Pwani ya mvua hulila likaisha. Mkata Vito akalifupisha: "Zee mno kwa hadithi yake, zima mno kwa udongo wetu."

Pili, chokaa. Tulibishana hapa kwa saa nzima, maana eneo letu la Tanga lina mawe mengi ya chokaa, na mapango ya Amboni ni ushahidi wa hilo. Ukoko mweupe peke yake haukuthibitisha kitu. Lakini ulikuwa upande mmoja tu, na upande wa pili ulikuwa umelainishwa, una mng'aro kama kokwa la ukwaju lililochezewa bao. Jiwe lililolala mahali pamoja, tumbo likishika chokaa ya ardhi na mgongo ukisuguliwa na mchanga unaopeperushwa na upepo, ndilo huwa hivyo. Mkinga hakuna upepo wa mchanga wa namna hiyo.

Tatu, mraba wa gundi. Mama Duka, ambaye maisha yake yote anabandika bei kwenye bidhaa, aliukwangua kwa ukucha na kuunusa. "Hii si gundi ya bei," alisema. "Hii karatasi iliandikwa, ikabandikwa ikae. Mtu ameibandua."

## Mazungumzo na dalali

Wapo waliotaka polisi. Mkata Vito alikataa, akasema yule ni mtu wetu na atamwita yeye, peke yake, nyumbani, baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwepo mimi tu kama shahidi.

Hakumshutumu. Aliliweka jiwe mkekani na kusema, "Bwana wangu, niambie karatasi yake iko wapi."

Dalali alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema yote. Jiwe aliletewa na mtu wa Mkinga kweli, lakini yule mtu ni shemeji wa dereva anayefanya kazi Oman, kwenye magari ya jangwani. Dereva aliliokota mwenyewe akiwa amepumzika, akaandika karatasi kwa Kiarabu na kuibandika, akalileta nyumbani likizo moja kama kumbukumbu, na shemeji akaliuza akiwa na shida. Karatasi ilikuwa na mstari wa maneno na namba. Dalali aliibandua kwa kuhofia itawachanganya wanunuzi. Aliitupa.

"Sikusema limeanguka Mkinga," aliongeza kwa sauti ya chini. "Nilisema limetoka Mkinga. Mlipouliza kama lilianguka, nikaona ndilo mnalolitaka."

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Alikuwa amesema kweli.

## Uamuzi wa pili

Ofa ya Ulaya ilikuwa bado iko wazi. Naandika hili bila kuficha: wanne kati yetu walitaka tuuze. Hoja yao ilikuwa kwamba jiwe ni kimondo halisi, kwamba hatukuanzisha uongo huo, na kwamba hapana wa kupima. Hoja hiyo ya mwisho si kweli hata kidogo, kwani maabara inaweza kuona athari za jangwa ndani ya jiwe, kama strontiamu na bariamu zinazojikusanya kwenye vimondo vya Oman. Lakini haikuwa sababu yetu kuu. Sababu aliitoa Kijana, ambaye ndiye angepata sifa kwa mauzo hayo: alisema jina la Tanga likiandikwa kwa jiwe la Oman, siku kimondo cha Tanga kitakapoanguka kweli hakuna atakayetuamini.

Tulimwandikia mkusanyaji ukweli wote, pamoja na picha za mraba wa gundi. Alishukuru na kujitoa.

Swali la kulikata na kugawana vipande lilifuata, nalo tulilikataa. Sheria za Oman haziruhusu vimondo kutolewa nchini bila kibali, na jiwe lililotoka hivyo si letu kulipasua. Tumeandika barua Muscat kueleza tulichonacho na kwamba tuko tayari kulirejesha. Mpaka naandika haya jibu halijafika.

## Matokeo

Dalali alirudisha laki tano, iliyobaki alishaitumia, nasi hatukumbana. Mwanachama mmoja alijitoa kwa hasira ya mchango wake, na hajarudi. Dalali bado anakuja barazani. Ameshaleta mawe mawili tangu hapo, yote ya kawaida, na yote mawili ameleta pamoja na mtu aliyeyaokota.

## Uchambuzi

Niseme kwanza kilichofanya kazi, kwa sababu wenzangu wamejilaumu kupita kiasi. Vipimo vilikuwa sahihi kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho. Mtu aliyefuata hatua zile, yaani kigae, ndoo, dirisha na nikeli, hawezi kuuziwa mavi ya chuma. Njia ya Mkata Vito na dalali ilituletea ukweli ambao kituo cha polisi kisingetuletea, maana mtu aliyebanwa angeshika hadithi yake mpaka mwisho. Na safari ya Mkinga, ingawa ilichelewa, ilimaliza ubishi kwa gharama ya nauli na siku moja.

Kosa kubwa tulilifanya kwenye dakika tano za kwanza, na tulilifanya kwa midomo yetu. Someni tena yale maswali. "Usiku?" "Kishindo?" "Lilikuwa la moto?" Dalali alikuja na maneno matatu tu, "limetoka Mkinga" na "nimeletewa". Kimondo kinachoanguka usiku kwa kishindo na kuchoma majani tulikitunga sisi, swali kwa swali, yeye akiitikia. Kwenye vito vya Umba tumezoea kuuliza hivyo kwa sababu huko swali ni sehemu ya mapatano ya bei, na jiwe la kito halibadiliki thamani kwa hadithi. Hapa hadithi ndiyo nusu ya thamani, na tulimpa muuzaji bure.

Tena jibu moja lilitosha kutuzindua. Kimondo kidogo hakiji kuchoma majani. Kinang'aa angani kwa sekunde chache tu, ngozi ya nje inayoyeyuka inafutwa na hewa, moyo unabaki na ubaridi wa angani, na kilomita nyingi za mwisho kinashuka gizani kama jiwe lolote lililotupwa. Vinavyookotwa mara tu baada ya kutua huwa vya uvuguvugu au baridi. Mwalimu analijua hilo, mimi nalijua. Tulilisikia lile jibu na tukaliandika.

Kosa la pili ni kuchanganya maswali mawili. Vipimo vyote vinne vinajibu "ni nini". Hakuna hata kimoja kinachojibu "limetoka wapi", na sisi tulipopata jibu la kwanza kwa furaha kubwa namna ile tulijiona tumepata yote mawili. Kura tisa kwa wawili ilipigwa ndani ya furaha hiyo. Nilikuwa mmoja wa wale tisa.

Kisha yapo makosa ya mkono. Sumaku ya spika tusingeigusisha. Vimondo vingine vimehifadhi kumbukumbu ya usumaku wa kale wa huko vilikotoka, na sumaku kali huifuta mara moja bila kurudi. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha hivyo kwa NWA 7034, lile jiwe jeusi la Mirihi: sumaku za waokotaji zilishafuta kilichokuwamo. Siku hizi tunatumia sumaku ndogo ya kufungia pochi, imening'inizwa kwa uzi, na tunatazama uzi ukipinda bila kugusa. Dirisha nalo lilisagwa kwenye mgongo uliong'arishwa na upepo, kwa kuwa ndio uliokuwa laini na rahisi. Tulisaga ushahidi wetu wenyewe. Lingesagwa kwenye ncha iliyokwisha vunjika.

Na ile karatasi. Mradi wa Oman na Uswisi wa kutafuta vimondo, ulioanza mwaka 2001, huandika majira ya kila jiwe kabla halijanyanyuliwa. Kutoka kwenye jangwa lile kilipatikana SaU 169 (herufi hizo ni za Sayh al Uhaymir, eneo kilipookotwa), gramu 206 tu, kipande cha Mwezi. Mawe yaliyolala karibu karibu huweza kuunganishwa kuwa anguko moja, na mtawanyiko wake ukachorwa kwenye ramani. Dereva yule, mtu asiye na mafunzo yoyote ya mawe, alifanya kama watafiti wanavyofanya: aliokota, akaandika, akabandika. Karatasi yake ilisafiri kutoka jangwani mpaka Mkinga salama, ikapotea mikononi mwa watu wa biashara. Namba alizoandika huenda ndizo zilikuwa majira. Kati ya mambo yote ya kisa hiki, hili ndilo linaloniuma, hata kuliko fedha.

## Hali ilivyo sasa

Utaratibu wetu umebadilika kidogo tu. Anayeleta jiwe huulizwa swali moja, "Tueleze habari zake," kisha tunanyamaza na mimi naandika mpaka atakapomaliza mwenyewe. Fedha haitoki mpaka mmoja wetu awe amesimama mahali palipotajwa. Kila alama iliyo juu ya jiwe, hata gundi, inajadiliwa kabla ya gurudumu kuwashwa.

Jiwe liko kwenye kopo lake na vipakiti sita. Kadi yake inasema: "Kondraiti, gramu 1,379 baada ya kusagwa. Oman, kwa maelezo ya mtu wa tatu. Mahali:" na baada ya hapo nimeacha mistari mitatu mitupu. Shemeji yake ametuambia dereva atakuja nyumbani Idd. Mkata Vito ameshamtumia salamu, na mimi nitakwenda na daftari.